Baridi Kidogo Tu: Nilivyotafutia Chuo cha Molo Wachezaji

Majuzi kocha mmoja kijana, jirani yangu hapa Kiamunyi, alikuja kunilalamikia kwamba shule yake haipati wachezaji. Vijana wazuri wanachukuliwa na shule kubwa, wazazi wana maswali mengi, na akipiga simu hazipokelewi. Nilimsikiliza mpaka akamaliza chai yangu yote. Kisha nikamwuliza kama umande huganda kwenye uwanja wake asubuhi. Akasema hapana. Nikamwambia basi anyamaze, kwa sababu bado hajaanza kuteseka.

Nyinyi vijana mnaozunguka mashuleni na madaftari yenu mkitafuta vipaji, kazi hiyo niliifanya mimi kabla ya wazazi wenu wengi kuzaliwa. Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa hesabu na michezo katika chuo kidogo cha walimu kilichokuwa juu ya Molo. Msikitafute, hakipo tena. Kilikuwa na mabweni mawili ya mbao, ghala la viazi, ng'ombe wa maziwa, na uwanja wa mpira ambao ukungu uliukalia kama mgeni asiyejua kuaga. Hesabu ilikuwa kazi rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kupata vijana kumi na mmoja wa kucheza mpira mahali hapo, tena miguu mitupu, maana viatu vya mpira siku hizo tuliviona pichani tu.

Kijana aliyemaliza darasa la nane na cheti kizuri, halafu anajua na mpira, aliitwa na vyuo vitatu au vinne. Vyuo vya bondeni, upande wa Nakuru na Rongai, vilikuwa na jua na vumbi laini. Sisi tulikuwa na matope kuanzia Machi mpaka karibu Septemba. Mvua ikikataa kuisha tulifanyia mazoezi ghalani, katikati ya magunia, na kipa nilimzoesha kwa kumrushia viazi adake. Mpishi alinichukia kwa sababu hiyo, kwa vile kiazi kilichodakwa vibaya huchubuka na kuoza. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, umefungwa kamba mdomoni. Tuliupaka mafuta ya kondoo usinywe maji, lakini ulikunywa tu, na ukiupiga kichwa ilibidi ukae chini kwanza ujiulize jina lako.

Tena ilikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Sikutoka Molo bila barua ya mkuu wa chuo mfukoni, na wachezaji wengi niliowajua tangu utoto wangu Njoro walikuwa wamehamishwa pamoja na wazazi wao, sijui wapi. Hilo liliniuma na linaniuma mpaka leo. Nilitafuta katika waliobaki.

Nilikuwa nashuka kwa baiskeli na kupanda kwa treni, kwa sababu kutoka Molo mpaka Nakuru baiskeli inakwenda yenyewe, lakini kurudi ni kifo. Nilijifunza mambo machache njiani, nayo nawapa bure. Mchezaji mwangalie siku timu yake inapofungwa, usimwangalie siku inaposhinda. Ukifika kwao, salimia kwanza nyanya yake, kwa sababu baba akikubali na nyanya akikataa umepoteza safari. Na Desemba usijisumbue kwenda mahali. Nilifika Rongai Desemba moja kumtaka kijana, nikaambiwa yuko jandoni, haonekani na mtu. Mimi kwa ujinga wangu nikaomba nimsalimu tu kupitia ukutani. Baba yake alinikazia macho, akaniuliza kama mimi mwenyewe nilipita jando au nililiruka. Nilipanda baiskeli yangu bila kunywa hata maziwa.

Lakini somo kubwa nilichelewa kulijua. Kila mzazi aliniuliza swali lile lile, "Huko juu iko baridi?" Nami nilikuwa na jibu moja ambalo lilinitoka kama salamu: "Iko, lakini kidogo tu."

Jibu hilo lilinipa wachezaji wengi na kuninyang'anya karibu wote. Mshambuliaji mmoja wa mjini Nakuru, kijana wa nywele za kuchana katikati, nilimpandisha treni akiwa anaimba. Alikaa siku nne. Siku ya tano hatukumwona yeye wala blanketi mbili za chuo. Wiki iliyofuata alirudisha moja kwa treni, na kikaratasi kwamba ile nyingine ni fidia ya vidole vyake. Tulicheka sana, na mimi sikujifunza kitu.

Mkuu wetu wa chuo alikuwa mzungu wa misheni, mtu mwema, lakini mpira haukumwingia. Kilichomwingia ni pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu ambayo kila mwenye shamba Molo aliyapanda wakati huo. Mwaka mmoja, muhula ulipoanza, aliniita tukasimama naye katikati ya uwanja, akazungusha fimbo yake kila upande.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake, "mimi nataka kuona watu kumi na moja hapa kila Jumamosi, mpaka mwisho ya mwaka. Kama siku moja iko kumi, mimi nalima."

Nilikuwa na kumi, na kipa sikuwa naye. Nikamwambia, "Watakuwepo, bwana."

Nikashuka. Safari hiyo sikuishia Nakuru. Niliacha baiskeli huko nikapanda lori la mbuzi lililokuwa likirudi Marigat tupu, na shuleni Marigat nikamkuta Kimosop akifungwa mabao matano. Nasema kweli, matano. Mabeki wake walikuwa wamekata tamaa wakakaa kivulini, naye bado alirukia kila mpira kama ndio wa kwanza. Mikono yake ilikuwa mirefu, na mpira ukiingia ndani yake hautoki. Alikuwa na cheti kizuri, na wadogo zake watatu walikuwa nyumbani wakisubiri yeye awe mwalimu ndipo nao wasome.

Mama yake, Kobilo, alikuwa mjane mwenye mbuzi na maneno machache. Alinipa kigoda, akanitazama jasho likinitiririka, kisha akatazama koti langu. Lilikuwa koti zito la kijeshi, kuukuu, nililopewa na askari mmoja aliyerudi vitani, nami sikutoka Molo bila hilo koti.

"Huko juu iko baridi?" akauliza.

"Iko, mama, lakini kidogo tu."

"Na hiyo koti ni ya nini?"

"Ya mvua," nikasema.

Wiki mbili baadaye Kimosop alishuka kutoka treni pale stesheni ya Molo na sanduku la bati na blanketi moja nyepesi, ile unayoweza kuona taa kupitia kwake.

Sasa nikiri kosa langu jingine, maana makosa yale mawili yalikutana. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumecheza na timu ya chuo cha bondeni, na mwalimu wao alitazama uwanja wetu, akaona ng'ombe wa chuo wamelala kando ya goli wakitafuna, akaniuliza mbele ya watu, "Mwalimu, hapa mnacheza mpira au mnakamua?" Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo muhula huo mpya nilichukua seng'enge na nguzo, nikauzungushia uwanja uzio. Nguzo nikazipaka chokaa. Ng'ombe wakabaki nje wakitushangaa, na mimi nikatembea humo ndani kifua mbele kama niliyejenga kanisa.

Februari kulikuwa na jua na Kimosop alidaka kila kitu, hata viazi vya ghalani bila kuchubua. Machi mvua ikaingia. Timu ambayo mwaka uliopita ilikuwa ngumu sasa ikawa inatembea. Vijana walianza mchezo wakiwa wamekakamaa, na mpaka wachangamke tulikuwa tumeshafungwa mawili. Niliwaita wavivu. Niliwaita majina mengine pia ambayo mwalimu hafai kuyaandika. Nilikuwa nimesimama kando, nimevaa viatu, soksi mbili, na lile koti langu la mvua.

Kimosop ndiye aliyeumia zaidi. Vidole vilimfa ganzi, mpira ukaanza kumponyoka. Akiuona unakuja anajua hataushika, na kipa akishajua hivyo amekwisha. Wenzake walianza kumcheka chakula cha mchana, wakimpa kikombe kwa mikono miwili ili asikiangushe. Ijumaa moja ya Julai alinijia ofisini, macho chini.

"Mwalimu, samahani. Nimeandikia mama barua. Kesho anakuja, nirudi naye nyumbani."

"Na cheti cha ualimu?"

"Cheti itabaki. Mkono yangu haisikii kitu. Asubuhi hata kalamu siwezi kushika."

Nilimwambia asubiri mechi ya kesho, kwa sababu wale wale wa bondeni walikuwa wanakuja, na ningekuwa na kumi. Ndiyo, hilo ndilo nililofikiria kwanza. Kijana alikuwa anapoteza ualimu wake na masomo ya wadogo zake, nami nilikuwa nahesabu wachezaji. Naona aibu kuyaandika haya, lakini nikiyaficha mtafanya yale yale.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Mkuu wa chuo alikuwa tayari, anapiga hatua kando ya mstari, na nilijua anapimia nini. Wageni walifika na mwalimu wao. Vijana wangu wakajipanga miguu mitupu kwenye majani meupe ya baridi, wakiinua mguu huu wakishusha huu. Kimosop alikuwa kwenye goli, kwapa zimemeza mikono, na sanduku lake la bati lilikuwa nyuma ya nyavu.

Mama Kobilo akatokea katika ukungu akitembea kutoka stesheni, na shuka lake la Marigat, miguu mitupu. Alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama. Midomo ilikuwa inamtetemeka.

"Mwalimu," akasema, "hii ndio kidogo?"

Nilivua koti nikampa. Alilipokea bila kushukuru, akalivaa, likamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Kumbe ni ya mvua," akasema.

Halafu akatazama nje ya uzio, pale ng'ombe walipokuwa wamelala. "Hiyo ng'ombe ni ya nani?"

"Ya chuo, mama."

Aliinua seng'enge akapita chini yake. Koti likanasa, akalivuta likachanika kidogo, asijali. Akampiga ng'ombe mmoja kofi la mgongoni. Ng'ombe akainuka akinung'unika, na mama akaingia na miguu yake miwili pale pale alipokuwa amelala, mahali pa joto panapotoa mvuke, akafumba macho. Kisha akamwita mwanawe kwa lugha yao, kwa sauti ambayo mtoto hawezi kujifanya hakusikia. Kimosop akaacha goli akaenda. Mama akamwinua ng'ombe wa pili, akamsimamisha kijana pale, akaichukua mikono yake akaiingiza kati ya paja la ng'ombe na kiwele.

"Usikamue," akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Shika tu."

Niliwageukia vijana wangu wengine. Walikuwa wanatazamana kama watu walioshikwa wakiiba. Kisha beki wetu Rono, mtoto wa mkamuaji wa shamba la jirani, akapita chini ya uzio, halafu wa pili, halafu wote. Kila mmoja akaamsha ng'ombe wake. Waliokosa ng'ombe walitafuta kinyesi kilichotoka sasa hivi wakazamisha miguu, na sikuona hata mmoja aliyekunja uso.

"Rono," nikasema, "ni nini hii?"

"Mwalimu, sisi tulikuwa tunasimama hapa kila siku kabla ya mchezo. Na hafutaimu. Sasa wewe ukafungia ng'ombe nje."

"Mbona hamkuniambia?"

Akacheka kwa aibu. "Sisi ni walimu karibu. Tutaambia wewe aje, ati tunataka kukanyaga mavi?"

Na kumbe mimi mwenyewe nilijua. Nilipokuwa mdogo kule Njoro, nikilia kwa baridi asubuhi, kaka yangu alinifundisha kumwamsha ng'ombe na kusimama alipolala. Hakuna mtoto aliyechunga ng'ombe katika nyanda hizi asiyejua hilo. Nililisahau siku niliyovaa viatu. Nilikuwa nimezuia joto la watoto wa watu kwa nguzo za chokaa, kwa sababu ya mzaha wa mtu mmoja, kisha nikawaita wavivu.

Nilikwenda ghalani nikachukua koleo, nikakata seng'enge upande wote wa goli. Ng'ombe wakaingia bila kualikwa mara ya pili. Refa alikuwa anatazama saa, wageni wanauliza tunasubiri nini, na mwalimu wao akafungua mdomo aseme neno. Nikamwambia, "Leo tunacheza na tunakamua." Akaufunga.

Msitegemee niwaambie tulishinda kwa mabao kumi. Tulitoka sare, bao moja kwa moja. Lakini dakika za mwisho walipiga mpira wa juu, umelowa, mzito, unaokuja na matope yake. Kimosop aliruka akaushika kwa mikono miwili, akaubana kifuani, na refa alipopiga filimbi ya mwisho bado alikuwa ameubana. Ilibidi Rono amwambie auachilie, mchezo umekwisha. Mkuu wa chuo alikuwa amehesabu kumi na mmoja. Aliondoka na fimbo yake, na pareto yake akaipanda nyuma ya ghala.

Nilimkuta Mama Kobilo amekalia lile sanduku la bati.

"Mbona hukusema ukweli?" akaniuliza. Hakuwa na hasira, na hilo lilinikata zaidi.

"Niliogopa ungekataa, mama."

"Kukataa? Huyu awe mwalimu, mimi nikatae kwa sababu ya baridi?" Akatikisa kichwa. "Wewe ulisema kidogo, mimi nikampa blanketi ya kidogo."

Nimefundisha miaka mingi baada ya hapo, nimesahihisha madaftari mengi, lakini hakuna aliyewahi kunisahihisha vizuri kuliko mama huyo. Nilikuwa nikidhani nawadanganya wazazi ili wakubali. Kumbe walikuwa wamekubali zamani, wanachouliza ni wamfungie mtoto nini. Wengi walionitoroka walinitoroka kwa sababu niliwaleta vitani bila ngao, na wa kulaumiwa ni mimi.

Kimosop alibaki. Nilimpa blanketi zangu mbili, na wenzake wakaacha kumpa kikombe kwa mikono miwili. Mama yake aliondoka na treni ya jioni akiwa na koti langu mwilini, wala sikuthubutu kulidai. Nilimaliza mwaka bila koti. Viatu nilivivua mwenyewe kila mazoezi, ili niujue uwanja kabla ya kumwita mtu mvivu, na asubuhi ya kwanza nilikuwa wa kwanza kukimbilia ng'ombe.

Januari iliyofuata nilihitaji beki na winga, nikarudi Marigat kwa lori lile lile la mbuzi. Nilishuka nikitoka jasho, nikakuta akina mama watano wamekaa nje ya shule wakinisubiri, na watoto wao wamesimama nyuma. Katikati yao alikuwa Mama Kobilo. Jua lilikuwa linachoma mpaka mbuzi wanahema, na yeye alikuwa amelikunja koti langu mapajani, pale lilipochanika pameshonwa vizuri.

Mama mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huko juu iko baridi?"

Nilifungua mdomo. Ule uongo wangu wa zamani ulikuwa tayari ulimini, maana ulimi una mazoea yake. Mama Kobilo alilikunjua koti taratibu, akalitandaza hapo chini, mbele ya miguu yangu.

"Iko," nikasema. "Kali sana. Vidole vinakufa, mpira unakuwa jiwe, na wakati mwingine watoto watasimama kwenye kinyesi cha ng'ombe ili wapate joto. Mleteni na blanketi mbili na sweta. Kama hamna, msimlete kwanza."

Watatu waliinuka wakachukua watoto wao wakaenda. Wawili walibaki. Mama Kobilo aliwatazama vijana wale wawili, akamchagua mwembamba zaidi, akamvalisha koti, akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni huku jasho likimtoka mtoto wa watu. Kisha akanigeukia.

"Huyu sasa unaweza kuenda naye," akasema.

Hivyo koti langu lilirudi Molo mwaka huo, kwa lori mpaka Nakuru na kwa treni mpaka juu, ila halikurudi mabegani mwangu.